Amefariki Zake

Nilisikia mafuta kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa mmoja wa Musoma, karibu na mwalo wa wavuvi, na jiko lilikuwa nyuma ya pazia la kitenge, kwa hiyo sikuona samaki wala karai wala mpishi. Nilisikia tu ule mlio, shaaaa, mrefu, usio na neno ndani yake, ukanyamaza, kisha ukaanza tena kipande kingine kilipotumbukizwa. Wengine wakisikia sato anakaangwa mate yanawajaa mdomoni. Mimi nilishika ukingo wa meza. Kuna wiki moja ya ujana wangu niliishi ndani ya mlio ule, nikiusikiliza kwa hedifoni tangu asubuhi, nikiambiwa ni uchafu, na mimi nikishindwa kuamini kwamba uchafu unaweza kuwa na adabu kiasi kile. Na kana kwamba mlio peke yake hautoshi, redio iliyokuwa juu ya friji ikapiga ule wimbo wa huzuni wa matangazo ya vifo, halafu sauti ninayoijua kuliko za shangazi zangu ikasema: "Familia ya Mzee Wambura wa Mwitongo, Butiama, inasikitika kutangaza kwamba mzee wetu huyo amefariki dunia." Ikatulia. "Narudia, ili tuelewane. Amefariki. Fa-ri-ki." Nyuma ya pazia mpishi akacheka, kisha akasema, "Mungu anisamehe," na mafuta yakafunika kicheko chake. Chakula changu kilipoletwa nilikiangalia tu, kwa sababu nilikuwa nimesharudi kwenye chumba kile cha Injinia Mafuru, mwaka ule ambao Mzee Wambura alikufa kwa mara ya kwanza.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Hayana diski ndani yake. Itoshe kwamba nilikuwa nimetoka chuo na cheti kipya, nimepanga chumba Kigera, na kila asubuhi nateremka mjini kwenye duka la Injinia Mafuru, ambalo nje liliandikwa kwamba linatengeneza kompyuta, simu, redio na feni, na ndani lilinuka risasi ya kulehemu na maharage. Maharage yalichemka kwenye jiko la umeme chini ya meza, karibu kabisa na miguu ya wateja, na mara nyingi mteja aliyekuja analia kwamba picha zake za harusi zimepotea aliondoka akiwa ameshiba. Injinia alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kupenda maneno makubwa kama wengine wanavyopenda pilipili. Alikuwa amekwenda semina moja Mwanza kuhusu uchunguzi wa ushahidi wa kompyuta, na tangu arudi hakuna aliyekaa kwa amani. Aliambiwa huko kwamba ushahidi una mnyororo, maana yake kila anayeupokea ajulikane na kila anayeukabidhi ajulikane. Injinia akarudi, akanunua mnyororo. Wa chuma, na kufuli. "Bhoke," aliniambia, akiukunjua mezani kwa fahari, "hapa sasa tuko kisheria." Nilidhani anatania. Mpaka leo sijui.

Kesi yenyewe ilikuja kwa masikio kabla haijaja kwa mlango. Wateja walikuwa wanaisimulia huku wakisubiri simu zao, kila mmoja kwa ladha yake, lakini kiini kilikuwa kimoja. Redio moja ndogo ya Bunda, ambayo jina lake sina sababu ya kulitaja, ilikuwa na mtangazaji anayeitwa Mama Kulwa, msomaji wa salamu na matangazo ya vifo. Alikuwa na sauti ya mtu anayekushika bega. Alasiri moja, baada ya wimbo wa huzuni, akataja jina la Mzee Wambura wa Mwitongo. Waliosikiliza walisema alitangaza kwamba mzee amefariki. Mzee mwenyewe siku ile hakuwepo nyumbani; alikuwa huku Musoma kwa binti yake, anatibiwa macho, na simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu daktari alisema apumzike na yeye akaelewa kwamba simu nayo ipumzike. Aliporudi Mwitongo, akiwa na miwani myeusi, akakuta turubai limefungwa uani kwake, wanawake wanalia, na ng'ombe dume wake, yule mwenye baka jeupe aliyekuwa akimwita kwa jina, yuko kwenye masufuria. Dada yake mkubwa alimwona, akamrushia mwiko. Wengine walikimbia hadi barabarani. Mama Kulwa akasema kwamba hakutangaza kifo hata kidogo. Familia ilipiga simu kutoa shukrani baada ya kumzika mdogo wake mzee, na yeye akasoma kwamba mzee "amefarijika". Mashahidi wakasema hapana, amefariki, tulisikia. Meneja akamsimamisha kazi. Zilibaki herufi chache kati ya mwanamke yule na mkate wake, na herufi hizo zilikuwa ndani ya mashine iliyoungua.

Iliungua hivi: siku ileile umeme ulikatika Bunda nzima, na uliporudi kesho yake ulirudi na hasira, ukaichoma mashine iliyokuwa inarekodi matangazo yote. Diski zake, kwa bahati, zilipona. Mama Kulwa ndiye aliyezitoa, akijua kwamba ndani yake ndimo lilimo neno lake, akazihifadhi ndani ya mkebe wa unga zisije zikapotea. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mtuhumiwa alikuwa amekaa na ushahidi jikoni kwake. Mtoto wa Mzee Wambura, mwalimu mwenye shati la mikono mirefu hata wakati wa joto, akasema hawezi kukubali mpaka mtu wa pembeni azichunguze. Meneja akakubali, Mama Kulwa akakubali, na kwa kuwa mtu wa pembeni aliyekuwa karibu ni Injinia Mafuru peke yake, Injinia akapiga simu pande zote mbili kwa sauti ya bungeni: "Jumatatu diski zitapigwa picha. Mje mshuhudie."

Alikuwa na maana kwamba kila diski itanakiliwa yote, punje kwa punje, ili tuchezee nakala na tusiguse diski zenyewe. Watu wa kazi hii tunasema kupiga picha. Lakini pande mbili zilielewa kama mtu yeyote mwenye akili angeelewa. Mzee Wambura alikuja na koti jeusi, fimbo iliyopakwa mafuta, na ndugu wa kutosha kujaza benchi. Mama Kulwa alikuja amesuka upya, kilemba cha dhahabu, mkebe wa unga kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Hawakusalimiana. Injinia akatoa diski kwenye mkebe, akazipangusa unga, akaanza kuziunganisha kwa nyaya, na ndugu wote wakaendelea kusimama wamejinyoosha.

"Mimi nisimame wapi?" Mzee Wambura akauliza.

"Mzee, kaa tu. Hii itachukua mpaka jioni."

"Picha ya mpaka jioni?" Mzee akamgeukia mwanawe. "Hii ndio digitali?"

Ilibidi Injinia atoe simu yake awapige kweli, ndipo wakaridhika. Picha ile ninayo. Mzee upande mmoja, Mama Kulwa upande mwingine, kila mmoja anaangalia ukuta wake, katikati mkebe wa unga umefungwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Kila nakala ilipokamilika, kompyuta ilitoa namba yake ya utambulisho, ndefu kama ya mtu anayepiga simu kutoka mbinguni, na Injinia akawasomea namba hizo zote, herufi kwa herufi, huku maharage yanaungua. Punje moja ikibadilika, aliwaeleza, namba nzima inabadilika. Hakuna aliyemwelewa na wote walimwamini.

Diski zilikuwa nne, na juu ya kila moja palikuwa na plasta ya kidonda yenye jina, kwa kalamu ya bluu: Kulwa. Doto. Shija. Kashindye. "Namba zinasahaulikaga," Mama Kulwa alisema alipoulizwa kwa nini hakuandika moja, mbili, tatu, nne. "Mtoto hasahauliki." Injinia hakutaka kumuuliza zaidi. Mtuhumiwa, alisema, haongozi ushahidi. Na kulikuwa na haja gani ya kuuliza? Kanda ya Ziwa nzima inajua kwamba Kulwa ni pacha anayetangulia, Doto anamfuata, Shija anazaliwa baada ya mapacha, na Kashindye ni yule aliyetanguliza miguu. Mwenyewe anaitwa Mama Kulwa. Tukapanga hivyo: Kulwa, Doto, Shija, na Kashindye mwisho, kwa sababu mtu wa miguu kwanza tulimwona kama mgeni kwenye foleni.

Mpangilio ndio kila kitu. Diski zile nne zilifanya kazi kama diski moja. Wenyewe tunaita reidi. Ukiipa sauti ya kuhifadhi, inaikata vipande vya ukubwa mmoja na kuvigawa kwa zamu, kwa hii, kwa ile, kwa nyingine, na diski ya nne inabeba kipande cha akiba. Akiba si sauti ya mtu. Ni hesabu iliyochanganywa kutoka vile vipande vingine vitatu, ili diski moja ikifa, waliobaki waweze kukumbuka alichokuwa amebeba. Mzunguko unaofuata, zamu ya kubeba akiba inamwangukia mwingine. Mimi niliposomeshwa jambo hili chuoni nililiona kavu. Mwaka ule nililiona kama familia inayobeba maji: kila mmoja na ndoo yake, na kila mara mmoja wao anabeba kitu kisichonyweka, lakini ndicho kitakachowaokoa.

Mpangilio wetu ulipokamilika, mafaili hayakufunguka kwa heshima, ilitubidi tuyachimbue. Lakini tulichimbua sauti, na sauti ilikuwa ya Mama Kulwa, na Injinia akarusha mikono juu. Kila baada ya maneno machache palikuwa na ule mlio wa karai, shaaaa, halafu maneno tena. "Uchafu wa umeme," Injinia akasema, akakaa siku nzima akiufuta, kipande kwa kipande, akiunganisha maneno yaliyobaki. Kisha akanivalisha hedifoni kama anayenivisha taji. Nikasikia jina la mzee, mlio mdogo wa kitu kinachozimika, na sauti ile ya upole ikasema: "Familia ya Mzee Wambura wa Mwitongo, Butiama, inapenda kuwashukuru wote. Mzee amefariki zake. Wote mnakaribishwa."

Tuliangaliana. Injinia alikaa chini polepole.

"Amefariki zake," akasema.

"Ndivyo anavyosema."

"Yaani kama mtu aliyechoka na kikao, akafariki zake! Na familia inawashukuru! Bhoke, huyu mama si kwamba amekosea. Huyu mama ana dharau." Akafunua maharage, akayafunika. "Na mimi nilikuwa namsikilizaga kila siku, hata msiba wa baba yangu alisoma yeye."

Mchana ule hatukula. Injinia alitaka kupeleka ripoti mara moja, na kama angeipeleka, Mama Kulwa asingerudi redioni tena. Mimi nilikuwa na shaka isiyokuwa na jina. Nilirudi kwenye nakala ambayo haijafutwa uchafu, nikasikiliza, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo ule mlio wa karai ulivyonistaajabisha kwa adabu yake. Uchafu wa umeme huja kama mlevi, wakati wowote, unaanguka popote. Huu ulikuja kwa zamu. Vipande viwili vya sauti, kimoja cha mafuta. Viwili vya sauti, kimoja cha mafuta. Nikamwambia Injinia kwamba labda tunasikiliza akiba. Nikamwomba tujaribu mpangilio mwingine. Akasema kila jaribio kwenye kompyuta yetu ile linakula siku nzima, kikao cha kusikiliza matokeo ni wiki hiyo, na kitu kinachoongea kimeshapona. Lakini hakuwa mtu mkaidi, alikuwa mtu mwenye haraka tu. "Nenda Bunda," akasema mwishowe. "Kaangalie lile boksi la mashine, kama vyumba vya diski vina namba. Boksi tupu yuko nalo Mama Kulwa. Angalia, rudi. Na Bhoke, usile chochote kwake. Hata maji. Ushahidi ukilishwa, umekufa."

Nilimkuta uani kwake, anapepeta mchele, bila kilemba, na nyumbani alikuwa anaongea kwa sauti ndogo kana kwamba ile kubwa ameiweka mahali iitwe tu ikihitajika. Boksi lilikuwa kwenye kona ya jiko. Ndani yake kuku alikuwa ameatamia. "Hakuna aliyelitaka, nikaona heri limfae mtu," alisema. Niliinama kutafuta namba kwenye vyumba vya diski. Kuku akanidonoa kidole, nikaona yai, nikaona nyasi, namba sikuona. Nikaaga. Mama Kulwa akanitazama kama aliyetukanwa.

"Unaenda wapi, mwanangu? Chakula kinaiva."

"Mama, siruhusiwi. Kwa ajili ya kesi."

"Kesi ni ya redio. Ugali una kesi gani?" Akanisogezea kigoda. "Wamenitoa kwenye redio, sawa. Sauti yangu ndio shamba langu, wamelifunga, sawa. Sasa na ugali wangu nao usimamishwe kazi?"

Nikakaa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ukutani kalenda ya parokia na saa iliyosimama, mezani ugali wa udaga, ule wa muhogo, mweusi, unaovutika, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchuzi wa nyanya. Watoto wakaingia na jagi la maji ya kunawa, na papo hapo vita ikaanza kwenye beseni. Binti mrefu alikuwa ameshatanguliza mikono, na mvulana mmoja kati ya wawili waliofanana kama vikombe akamsukuma.

"Mimi kwanza."

"Wewe kwanza kwa lipi? Mimi ndio mkubwa."

"Mama anaitwaga nani?" mvulana akauliza, kwa utulivu wa wakili.

"Mama Kulwa," yule pacha mwenzake akajibu.

"Na mimi naitwa nani?"

"Kila siku hivyohivyo!" binti akapiga kelele. "Mama, nilizaliwa mimi, ukaitwa Mama Kashindye vizuri tu, wakaja hawa wawili wakaniibia na jina!"

"Kulwa, mwache dada yako," Mama Kulwa akasema bila kuinua kichwa kwenye sufuria. "Mapacha wakija wanabeba jina la mama, ndio desturi. Lakini ulimkuta huyu hapa duniani, anatembea. Alitanguliza miguu, lakini alitangulia. Kashindye, nawa. Kulwa, nawa. Doto. Shija, wewe umeshika nini? Kiweke chini, nawa."

Mwiba wa furu ukanisimama kooni. Walinipiga mgongoni wote wanne, na nina hakika walinipiga kwa mpangilio. Kashindye, Kulwa, Doto, Shija. Tulikuwa tumemweka mzaliwa wa kwanza mwisho wa foleni. Kila mzunguko tuliruka kipande cha kwanza tukidhani ni akiba, na akiba tukaisikiliza tukidhani ni sauti, kisha tukaifuta tukidhani ni uchafu. Sikumuuliza Mama Kulwa neno. Nilimaliza sahani yangu, nikaongezwa, nikamaliza, nikashukuru.

Injinia alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, hakuuliza habari ya Kashindye.

"Umekula?"

"Nimekula, Injinia."

"Umekula nini?"

"Ugali na furu."

"Ukaongeza?"

"Niliongezwa."

Akaushika mnyororo kama rozari. "Upande mmoja umekulisha. Mwalimu yule akijua, hata kama tumepata ukweli, ataitwa ukweli wa furu. Kuna dawa moja tu. Kesho asubuhi mimi napanga diski upya, wewe unaenda Mwitongo kula kwa mlalamikaji. Sahani, na nyongeza." Mpaka leo nikisimulia hili kwa mawakili wanacheka, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kosa lake.

Nilishuka Nyamuswa, nikachukua bodaboda, na nilipofika Mwitongo Mzee Wambura alikuwa ukumbini, kwenye kiti cha kamba, miwani myeusi usoni. Nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima zote kwamba nimekuja kula. Hakushangaa hata kidogo. Mkewe alileta kichuri, ile supu ya utumbo yenye nyongo ambayo uchungu wake unakupanda mpaka masikioni, na nyama iliyoanikwa. Nikatafuna kwa haki.

"Unamjua huyo unayemtafuna?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee."

"Ni wa msiba wangu."

Niliacha kutafuna. Akanipungia mkono niendelee. "Kula, asipotee bure. Sio ng'ombe anayeniuma, mwanangu. Unajua kinachoniuma? Nilifika pale kwenye ua, nikasimama, nikasikia shemeji yangu anahubiri, 'Mzee alikuwa mkarimu, mzee alikuwa hana kinyongo.' Miaka yote hajawahi kuniambia. Nikapenda kusikiliza zaidi. Halafu dada akaniona, wakakimbia, wakarudi, wakanishika mikono kuhakikisha. Wakanyamaza wote. Na katikati ya kile kimya, mtu mmoja, sijui nani, akasema, 'Sasa hii nyama?'" Alivua miwani, akafuta macho, na sikujua kama ni maradhi yale. "Huyo mama asirudi redioni. Leo ameniua mimi ambaye nina watu wa kunishika mikono. Kesho atamuua ambaye hana." Mkewe akaniongezea kichuri. Nikamaliza.

Niliporudi dukani nilimkuta Injinia amekaa, hedifoni shingoni, maharage yamezimwa. Mnyororo alikuwa ameshaufungua, umelala sakafuni. Alinivalisha hedifoni. Hapakuwa na karai. Mafaili yalikuwa yamefunguka yenyewe, kwa majina yao, na sauti ilitiririka bila mkato tangu salamu za asubuhi. Nikafika mahali petu nikasikiliza mara moja, nikamwomba arudishe, nikasikiliza tena. Injinia alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Ile kelele niliyoifuta," akasema, "ndiyo ilikuwa imebeba kilichokosekana." Halafu, kwa kuwa ni yeye, akaongeza: "Akiba hiyo inaitwa pariti, Bhoke. Iandike vizuri kwenye ripoti."

Kikao kilifanyika Bunda, kwenye ofisi ya meneja, chumba chenye meza kubwa kuliko mlango wake, kiasi kwamba hakuna aliyejua iliingiaje. Mama Kulwa alikaa dirishani, kilemba cha dhahabu, mikono mapajani. Injinia aliomba mashahidi waseme kwanza, kabla hajagusa kitu. Mama mmoja wa Nyamuswa akasema alisikia kwa masikio yake "amefariki". Shemeji wa mzee akasema alisikia "amefariki dunia". Mzee mmoja wa kanisani akasema yeye alisikia mpaka saa ya mazishi. Mwalimu akakunja mikono ya shati lake kwa mara ya kwanza, ameshinda. Injinia akasoma zile namba ndefu kuonyesha kwamba hakuna punje iliyoguswa, akawaambia bila kuulizwa kwamba mchunguzi amekula pande zote mbili, sahani na nyongeza, kisha akabonyeza.

Sauti ikaijaza ofisi. "Familia ya Mzee Wambura wa Mwitongo, Butiama," ikasema, na hapo ukasikika ule mlio mdogo niliousikia tangu mwanzo bila kuujali, tup, na nyuma yake uvumi wa feni ukapungua, ukapungua, ukafa. Sauti haikusimama. "Inapenda kuwashukuru wote. Mzee amefarijika sana kwa namna mlivyomsindikiza mdogo wake. Ndugu na marafiki zake wote mnakaribishwa kwenye misa ya shukrani." Kikafuata kimya, karatasi ikachakarishwa, na Mama Kulwa wa kwenye mashine akasema kwa ile sauti yake ndogo ya nyumbani: "He! Kumbe umeme umeenda. Kumbe nasoma peke yangu."

Ile "amefariki zake" tulikuwa tumeishona sisi, "amefari-" ya amefarijika na "-ki zake" ya marafiki. Mashine ya kurekodi ilikuwa na betri yake. Mnara wa redio haukuwa nayo. Bunda yote, Butiama yote, watu walikuwa wamesikia wimbo wa huzuni, jina, kijiji, basi. Yaliyobaki walijisomea wenyewe. Meneja alimtazama mama wa Nyamuswa. Mama wa Nyamuswa alimtazama shemeji. Shemeji akaangalia kucha zake. "Lakini mimi nilisikia," yule mzee wa kanisani akasema polepole, "mpaka saa ya mazishi," na jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba alikuwa akijiuliza mwenyewe ni nani aliyemsomea.

Mzee Wambura aliomba irudiwe. Injinia akarudia. Pale penye "amefarijika" mzee aliinamisha kichwa, akatikisa taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Mwanawe alitaka kusema jambo. Mzee akamgusa goti. Meneja akakohoa, akasema kwamba Mama Kulwa arudi kazini, hata leo, saa ya matangazo imekaribia. Mama Kulwa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na machozi yalikuwa yanapita juu ya vidole.

Mzee akasimama kwa fimbo, akaelekea mlangoni, akizunguka ile meza kwa shida, ndugu wakimfuata kwa macho. Alipofika akageuka. Miwani myeusi ilikuwa inamtazama Mama Kulwa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya picha.

"Mama Kashindye," akasema.

Sijui alilitoa wapi jina lile. Labda lilikuwa kwenye ripoti yetu. Mama Kulwa alishusha kiganja. Ni wazi hakuwa ameitwa hivyo muda mrefu.

"Abee, baba."

"Siku nikifa kweli, usome wewe." Akashika kitasa. "Na usome kwanza ukiona feni inazunguka."

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.